Hamsta Ametoroka Ndani ya Nyumba: Namna ya Kumrudisha Kizimbani Akiwa Hai

Hamsta, mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya, akikutwa hayumo kizimbani asubuhi, mara nyingi bado yumo ndani ya nyumba, tena hayuko mbali. Kinachomuua kwa kawaida si kutoroka kwenyewe, bali ni yale anayokutana nayo njiani: chambo cha sumu nyuma ya jiko, gundi ya panya iliyotegwa chini ya kabati, ndoo ya maji isiyofunikwa, paka wa jirani, au ufagio wa mtu wa nyumbani aliyemwona akikatiza sebuleni usiku na kumdhania panya. Kwa sababu hiyo kazi ya saa ya kwanza si kumtafuta, bali ni kuiondolea nyumba kila kinachoweza kumdhuru. Wafugaji wengi huanza kwa kuvuta makochi na kupekua makabati kwa pupa, huku sumu waliyoitega wenyewe wiki iliyopita ikiendelea kumsubiri mnyama kwenye kona ya jikoni.

Jambo la kwanza ni kuwaambia watu wote wanaoishi au kufanya kazi katika nyumba hiyo. Katika nyumba zetu kila kinachokimbia kandokando ya ukuta ni panya, na panya huuawa bila kuulizwa. Hilo ni jambo la kawaida na hakuna wa kulaumiwa kwalo, lakini ndilo linalowaponza hamsta wengi. Waambie watoto, msaidizi wa kazi, mlinzi, wageni waliolala, na wapangaji wenzako ikiwa mnatumia korido moja. Waonyeshe picha yake kwenye simu, na uwaeleze alama iliyo rahisi kuliko zote, yaani mkia. Hamsta wa Syria, ambaye ndiye anayefugwa zaidi, ana kijikia kifupi cha sentimita moja hivi ambacho mara nyingi hata hakionekani ndani ya manyoya, ilhali panya wa darini ana mkia mwembamba usio na manyoya ulio mrefu kuliko mwili wake. Yeyote atakayemwona asimkimbize wala asipige kelele, bali afunge mlango wa chumba hicho na kumwita mfugaji.

Baada ya hapo ondoa sumu. Zunguka chumba baada ya chumba ukikusanya vidonge, mabonge ya nta na nafaka zilizopakwa rangi ya waridi, ya bluu au ya kijani, ukitumia glovu au mfuko wa plastiki mkononi, kisha ufunge vyote kwenye mfuko mmoja na kuutoa nje ya nyumba. Hifadhi pakiti yake au ipige picha, kwa maana daktari wa mifugo atahitaji kujua ni sumu ya aina gani iwapo mnyama atarudi akiwa mgonjwa. Sumu nyingi za panya za dukani huzuia damu kuganda, na dalili zake huchelewa kwa siku kadhaa, kwa hiyo hamsta anaweza kuonekana mzima kabisa siku anapopatikana na akaanza kutoka damu siku ya tatu au ya nne. Zile zinazouzwa mitaani kwenye vipakiti visivyo na lebo ni hatari zaidi, kwa sababu hakuna ajuaye kilichomo na baadhi huua kwa muda mfupi sana. Ondoa pia karatasi za gundi na mitego ya kubana, na usipulize dawa ya mende wala ya mbu mpaka mnyama apatikane.

Maji nayo yanahitaji uangalifu, hasa katika miji ambako kila nyumba huweka akiba kwa ajili ya siku ya mgao. Hamsta hawezi kutoka ndani ya ndoo yenye kuta laini akishatumbukia, na hawezi kuogelea kwa muda mrefu. Funika ndoo, mapipa na mabeseni yote, shusha kifuniko cha choo, na uweke wavu au jiwe juu ya tundu la kutolea maji kwenye sakafu ya bafu, kwa kuwa tundu lisilo na kizuizi ni njia ya moja kwa moja kuelekea kwenye bomba la maji machafu. Chomoa nyaya za umeme zilizolala sakafuni nyuma ya televisheni, za chaja na za pasi, kwa maana meno yake hayatofautishi waya na kijiti. Usiwashe oveni wala mashine ya kufulia bila kuchungulia ndani, na usikalie wala kukunjua kochi kabla ya kulikagua. Mwisho wa maandalizi haya, kunja kanga au taulo mithili ya bomba nene na uzibe uwazi ulio chini ya kila mlango, kuanzia mlango wa nje. Hamsta wa Syria hupenya mahali ambapo mtu mzima hawezi kuingiza vidole viwili vilivyopangana, na wale wadogo wanaoitwa hamsta vibete hupita penye nafasi ndogo kuliko hiyo.

Sasa inafaa kumfahamu unayemtafuta. Hamsta ni mnyama wa usiku, haoni vizuri, lakini ananusa na kusikia kwa ukali. Asili yake ni nyanda kavu za kaskazini mwa Syria, ambako huchimba mashimo marefu, hulala humo mchana kutwa, na hutoka gizani kukusanya nafaka katika vifuko vya mashavu yake na kuzipeleka ghalani. Hamsta wengi wa Syria wanaofugwa duniani leo wametokana na familia moja iliyochimbuliwa karibu na mji wa Aleppo mwaka 1930 na mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni, kisha ikapelekwa Jerusalem. Hata hao wa mwanzo walitoroka, kwani baadhi yao walitafuna sakafu ya mbao ya kizimba walichowekwa na wakapotea. Kutoroka si ishara kwamba mnyama amekuchukia au ametendewa vibaya; ni tabia ya kiumbe anayeweza kukimbia kilomita kadhaa katika usiku mmoja na ambaye meno yake hukua maisha yake yote.

Tabia hizo ndizo zinazokuonyesha pa kutazama. Mchana atakuwa amelala mahali penye giza, pembamba na pakavu, karibu na ukuta, na kwa kawaida katika chumba kilekile alimotoka au kinachofuata. Anza kwenye kizimba chenyewe, kwa kufukua maranda yote hadi chini, kwa sababu si mara moja mnyama aliyetangazwa kupotea amekutwa amelala ndani ya kiota chake. Halafu piga magoti na utazame nyumba kutoka usawa wa sakafu ukiwa na tochi: nyuma ya friji na chini yake, ndani ya viatu, nyuma ya vitabu vya rafu ya chini, ndani ya kapu la nguo chafu, chini ya godoro linalogusa sakafu, kwenye droo ya chini ya kabati, na kati ya magunia ya unga na mchele stoo. Makochi yana siri yake. Kitambaa chembamba cheusi kilichopigiliwa chini ya kochi hupasuka kwa urahisi kwenye kona, na hamsta akishaingia humo hulala juu ya sponji kana kwamba pamejengwa kwa ajili yake. Pinda kochi taratibu, usilipindue kwa kishindo, na utie mkono kwenye kila kona ukipapasa kabla ya kulirudisha.

Hali ya hewa pia huelekeza. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, hamsta hutafuta ubaridi, kwa hiyo vigae vya bafuni, kona ya stoo na sehemu iliyo chini ya sinki visiachwe. Katika nyanda za juu kama Njombe au Limuru, hasa miezi ya Juni na Julai, atafuata joto la injini ya friji au nguo za sufu. Ukisikia vishindo darini, usifanye haraka kuamini kuwa ni yeye. Hamsta hupanda pazia na vitambaa, lakini kufika darini ni kazi ya panya wa kawaida.

Usipompata mchana, usivunje nyumba. Lengo la usiku wa kwanza ni kujua yuko chumba gani, na hilo linafanyika kwa mbegu na unga. Jioni, kabla ya kulala, weka sakafuni karibu na ukuta wa kila chumba mbegu za alizeti zenye maganda zilizohesabiwa, tuseme 10 kwa kila chumba, kisha chukua chujio la chai na uchekeche unga wa ngano uwe utando mwembamba sana kuzunguka mbegu hizo. Funga milango na uizibe kama ilivyoelezwa. Usitumie chokaa wala poda yenye manukato badala ya unga, kwa kuwa atailamba miguuni.

Asubuhi usikanyage kwanza. Mulika tochi kwa upande, ukiilaza karibu na sakafu, ili alama zitoe kivuli. Nyayo za mbele za hamsta zina vidole vinne na za nyuma vitano, ni ndogo, zimekaribiana, na katikati yake hakuna mstari. Ukiona mstari mwembamba unaoburuzika kati ya nyayo, huo ni mkia, na aliyepita ni panya. Zitazame pia mbegu. Hamsta huzibeba zikiwa nzima ndani ya mashavu na kuziacha chache au asiache hata moja, wakati panya wengi huketi hapohapo wakabangua na kuacha maganda. Kinyesi cha hamsta ni punje fupi za milimita tano hivi zenye ncha butu, na cha panya mkubwa hufikia sentimita moja au zaidi. Ikiwa alama zinaonyesha kuna panya wa mwituni ndani ya nyumba, jitihada iongezwe, kwa sababu panya hao ni wakubwa kuliko hamsta, humuuma, na huweza kumwambukiza maradhi.

Ukishakijua chumba, kazi imekuwa nyepesi. Kifunge, ondoa vitu vinavyoweza kuondolewa bila zogo, na utege usiku wa pili. Mtego ulio mwema kuliko yote ni kizimba chake mwenyewe, kikiwekwa sakafuni kikigusa ukuta, mlango ukiwa wazi na daraja la kadibodi likiinuka polepole hadi mlangoni. Usikisafishe. Maranda aliyokuwa akilalia yana harufu yake, na harufu hiyo ndiyo itakayomwita. Weka ndani chakula anachokipenda, kipande cha tango kwa ajili ya kiu, na gurudumu lake la kukimbilia, ambalo mlio wake utakuamsha.

Wa pili ni mtego wa ndoo. Chukua ndoo ndogo ya plastiki yenye kuta laini, yenye kimo cha sentimita 25 hivi kwa hamsta wa Syria. Ndoo kubwa ya lita 20 haifai kwa sababu ni ndefu mno na anguko lake laweza kumvunja mguu. Jaza chini maranda au vipande vya taulo hadi kimo cha sentimita saba au nane, weka juu yake karanga mbichi zisizo na chumvi na kipande cha tufaha, kisha upange vitabu kama ngazi hadi ukingoni mwa ndoo. Vitabu visicheze, hamsta akihisi ngazi inatikisika hatapanda tena usiku huo. Dondosha mbegu moja kwenye kila ngazi na uache mbili ukingoni. Ndoo hii lazima ichunguzwe kila baada ya saa chache, na isiachwe kamwe penye paka, penye jua la asubuhi au penye siafu. Mitego ya kizimba cha waya inayouzwa kwa ajili ya panya hukamata bila kuua, lakini mlango wake hufunga kwa nguvu na waya zake huchubua pua, kwa hiyo naiona kuwa ni ya mwisho kutumiwa.

Mtu mwenye subira anaweza pia kukesha. Zima taa na televisheni, keti sakafuni kati ya saa tatu na saa sita usiku, na utumie tochi iliyofunikwa kwa plastiki nyekundu, kwa kuwa panya na jamaa zake huona mwanga mwekundu kwa shida. Weka maganda makavu ya mahindi au mfuko wa plastiki kandokando ya ukuta ili vikikanyagwa vitoe sauti. Ukimwona, usisimame na usimfukuze. Hamsta anayefukuzwa hujifunza kuwa mikono ni hatari, na mara ya pili hatatoka ukiwapo. Mwache ale, sogea taratibu, uzibe njia yake ya kurudia kwa kipande cha kadibodi, kisha umlazie mbele yake kikombe kikubwa au bomba pana la kadibodi. Mara nyingi ataingia mwenyewe kwa kudhani ni shimo. Ziba mdomo wa kikombe kwa kiganja na umshushe kizimbani ukiwa bado umeketi, ili akiponyoka asianguke kutoka juu. Usimkamate kwa kumshukia kutoka juu mithili ya mwewe, kwa maana atakuuma, na mtu aliyeumwa humwachia bila kukusudia. Ikiwa ni mkali, mfunike kwa taulo dogo na umchote pamoja nalo.

Hapa wanaofuga wangefaidika na somo linalotoka Morogoro. Shirika la APOPO, lenye makao yake ya mafunzo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa kuunganisha mlio mfupi wa kibonyezo na chakula. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Hamsta hana umahiri wa panya buku, lakini anaweza kuzoea kwamba mlio wa mbegu zinazotikiswa kwenye kikopo hutangulia chakula. Mfugaji aliyemzoesha hivyo kila jioni ana njia ya kumwita siku atakapopotea.

Ugumu huzidi pale mnyama anapokuwa amejificha ndani ya ukuta, nyuma ya kabati lililojengewa au chini ya sakafu ya mbao. Usimchokoe kwa fimbo, usimwage maji na usifukize moshi. Atazidi kuingia ndani au atakosa hewa. Ning'iniza ukanda wa kitambaa kigumu utakaofika chini ili aupande, weka chambo penye tundu, na unyamaze. Asipotoka kwa usiku mmoja au miwili, ita fundi afungue ubao wa chini wa kabati. Akikutwa amenasa kwenye gundi, usimvute, kwa kuwa ngozi yake itachunika. Funika sehemu ya gundi iliyobaki kwa karatasi, pakaza mafuta ya kupikia polepole kwenye miguu na manyoya mpaka gundi ilegee, ukiepusha pua na macho, kisha umpangushe, umtie joto na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Mafuta ya taa na petroli yasitumike hata kidogo.

Wanyama wengine wa jamii hii huhitaji mabadiliko machache. Simbilisi, ambao mashariki mwa Kongo huitwa dende, hutembea mchana na usiku, hawapandi ngazi ya vitabu, na huumia mgongo wakianguka, kwa hiyo mtego wa ndoo si wao. Wazungushie kadibodi hadi kwenye kona, au umweke mwenzao kizimbani awaite kwa sauti. Panya wa jangwani wenye mkia wa manyoya wasishikwe mkia kamwe, kwa sababu ngozi ya mkia huchunika yote. Panya weupe waliozoea watu mara nyingi hurudi wenyewe usiku, mradi kizimba kiwe wazi.

Akisharudi, mpe maji na chakula chake cha kawaida, umwache atulie kwa saa chache, halafu umkague: miguu, meno, macho, na vifuko vya mashavu kama vimevimba kwa kitu alichoshindwa kukitoa. Usimwogeshe kwa maji. Akikutwa amepoa na hasogei katika nyumba yenye baridi kali, kama zile za Makete wakati wa umande unaoganda au za ndugu wanaoishi Ulaya miezi ya kipupwe, usimzike kwa haraka, kwa maana hamsta huingia katika usingizi mzito unaofanana na kifo. Mkumbatie ndani ya viganja vyako kwa muda wa kutosha, ukitazama masharubu na mbavu, na usimweke juu ya hita wala jiko. Kwa siku saba zinazofuata angalia ufizi uliopauka, damu puani au kwenye mkojo, na unyonge. Dalili yoyote ya hizo humaanisha kwenda kwa daktari siku hiyohiyo ukiwa na ile pakiti ya sumu, kwa kuwa sumu zinazozuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1 na kuchelewa hupunguza nafasi ya kupona. Aliyeumwa wakati wa kumkamata aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda. Mjamzito asishiriki kumkamata wala kusafisha kizimba.

Asipopatikana katika siku tatu za mwanzo, endelea kutega. Hamsta wamekutwa wakiwa hai baada ya wiki mbili na zaidi, hasa katika nyumba zenye stoo ya nafaka, ambako chakula si tatizo. Kinachomsumbua ni maji, kwa hiyo badilisha tango kila jioni na uache kisahani kifupi cha maji. Wakati huohuo tafuta alikotokea. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita moja kwa hamsta wa Syria na milimita saba kwa vibete, milango ya kizimba ifungwe kwa kibanio cha nguo cha chuma, na kona za plastiki zilizotafunwa zizibwe kwa wavu wa chuma badala ya gundi au mkanda. Sumu ya panya isirudishwe ndani ya nyumba mpaka yeye awe kizimbani na kizimba kimekaguliwa.